Makampuni yakipatana bei ngambo ya mpaka, nani anayafuata?

Tuseme wanunuzi watatu wakubwa wa mahindi wanafika Kamina. Mbele ya kushuka kwenye treni wameshapatana: hakuna atakayelipa gunia zaidi ya bei fulani. Mkulima atazunguka kwa wote watatu, jibu ni moja. Hapo soko hakuna tena, hata kama watu wamejaa.

Sheria ya Kongo inakataza mapatano ya namna hiyo. Ni sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018, juu ya uhuru wa bei na ushindani, na ndiyo inayoipa kazi Tume ya Ushindani, COMCO. Lakini shida iko hapa: kama wale watatu walipatania Zambia, barua zao na vitabu vya hesabu viko kule. Mchunguzi wa Kinshasa hawezi kwenda Ndola na kufungua kabati ya mutu.

Ndiyo sababu inchi zinashikana mikono. Kongo na Zambia ziko zote ndani ya COMESA, soko la inchi 21. Tangu Januari 2013, COMESA iko na tume yake ya ushindani mjini Lilongwe, Malawi. Jambo likigusa biashara ya inchi mbili ao zaidi, tume hiyo inaweza kuita makampuni, kuomba karatasi na kutoza faini.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kabumbu. Shirikisho la kabumbu la Afrika, CAF, liko Misri. Lilikuwa limeipa kampuni ya Ufaransa, Lagardère Sports, haki za kuuza picha za mechi mpaka mwaka 2028, bila zabuni. Mwaka 2017 wasimamizi wa ushindani wa Misri walisema hiyo ni kuvunja sheria. Sawa, lakini amri ya Kairo inaishia kwenye mpaka wa Misri, na mechi zinaangaliwa bara lote. Lilongwe nayo ikachunguza namna CAF ilivyouza haki zake. CAF ilivunja mkataba wa Lagardère mwaka 2019. Kiisha, Desemba 2023, tume ya COMESA ikatoza CAF na beIN ya Qatar dola 300.000 kila mmoja, kwa mikataba mingine ya muda mrefu iliyofungia wengine mlango. Kwa wakubwa kama hao pesa hiyo si nyingi, lakini hakuna inchi moja ingeweza kuwafuata hivyo peke yake.

Bado kuna tundu. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000, kwa hiyo Lilongwe haina nguvu kule. Bidhaa zinazovuka ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, kisha kufika mpaka Kamina, zinahusu mlango mwingine: Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022 na ambayo mamlaka yake ya ushindani iko Arusha. Mutu mumoja, malalamiko mamoja, na ofisi mbili.

Lakini hakuna ofisi ya mbali inayoanza kazi bila alama. Muuzaji anayeona wanunuzi wote wanataja bei ileile, siku ileile, aandike tarehe, kiasi na majina, achunge fakture, kisha apeleke kwenye ofisi ya uchumi ya jimbo.