Diski Iliyobeba Amana Zetu



Sisi ni akina mama ishirini na wawili wenye asili ya Pwani, ambao riziki imetuleta bara, wengine Thika, wengine Ruiru. Kila Jumapili baada ya sala ya Alasiri tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, na kila mmoja anatoa shilingi 200. Mwaka ukitimia, siku chache kabla ya Ramadhani, kila mtu anarudishiwa akiba yake apate kununua mchele, tende na nguo za Idi za watoto. Mwenye kupatwa na dharura katikati ya mwaka anakopeshwa bila riba. Fedha zenyewe zimewekwa benki. Lakini hesabu ya nani ametoa nini, na nani anadaiwa nini, ilikuwa mahali pamoja tu duniani, nayo ni laptopu ya mweka hazina wetu.

Laptopu hiyo ilinunuliwa Nairobi miaka minane iliyopita, ikiwa imekwisha kutumika ofisini huko Uingereza, kama zilivyo nyingi ziuzwazo kwetu. Betri yake ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo haikuwaka ila ikiwa imechomekwa ukutani. Tuliizoea hivyo hivyo, kama mtu anavyomzoea mzee wa nyumba mwenye kusikia kwa shida.

Katika mwezi wa Shaabani, jioni moja, umeme ulikatika mweka hazina akiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, laptopu ilikaa karibu nusu saa bila kufunguka, kisha ikaanza kutoa sauti ndogo: tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tena tik, tik. Katika kioo cheusi yalitokea maandishi meupe yaliyosema kwamba diski haionekani.

Tulilofanya usiku ule tunalisimulia ili mwingine asilifanye. Tuliizima na kuiwasha zaidi ya mara ishirini. Mmoja wetu alisema ipigwe kofi ubavuni, maana ndivyo babu yake alivyoitibu redio. Mwingine alikuwa amesikia kwamba diski ikilazwa kwenye friza inapona. Alhamdulillah, friza ya jirani ilikuwa imejaa nyama, na jambo hilo likaishia hapo. Diski itokayo kwenye baridi huota unyevu ndani, na unyevu huo unatosha kuimaliza.

Baadaye tulieleweshwa kilichokuwa kikilia. Diski ya namna ile ya zamani ina sahani ndogo zing'aazo, zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani hizo kuna kichwa kisomacho, ambacho hakigusi kabisa. Kinaelea juu ya hewa nyembamba mno, kiasi kwamba unywele mmoja wa mtu ukilinganishwa na nafasi ile ni kama mbuyu. Kichwa kikidhoofika, au sahani ikipata kovu, kinakwenda na kurudi kutafuta njia yake na kuikosa, na hiyo ndiyo tik, tik tuliyoisikia. Kila tulipoiwasha tulikuwa tunakiburuza kichwa kilichoumia juu ya yale yale tuliyotaka kuyaokoa.

Asubuhi yake shauri lilikuwa tuipeleke wapi. Wenzetu wawili walitaka ipandishwe matatu hadi Barabara ya Luthuli, Nairobi, kunakojaa maduka ya vyombo vya umeme. Hapo mweka hazina akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelikumbuka. Ndani ya diski ile, mbali na hesabu, mlikuwa na picha za harusi ya binti yake. Zilikuwa picha za upande wa wanawake, usiku wa hina na siku ya kutolewa nje, ambapo sote tulikuwa vichwa wazi, tumejipamba, kwa kuaminiana kwamba hakuna mwanamume atakayeziona. Nusu ya chama chetu wamo katika picha zile. Wapo waliosema kwamba ni heri hesabu zipotee.

Tulibishana kwa muda mrefu, na hatuoni haya kusema hivyo. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na fundi atakayesambaza picha za watu anaweza kushtakiwa. Lakini sheria huja baada ya sitara kuvuka mlango, na picha ikishatoka haina njia ya kurudi.

Aliyetutoa katika mkwamo ni binti wa mwenzetu, mwanafunzi wa chuo huko Juja. Alitueleza kwamba kunakili diski hakuhitaji kufungua picha hata moja. Iko programu iitwayo ddrescue, isiyolipiwa, inayosoma diski kipande kwa kipande bila kujali kilichomo, kama mtu anayehamisha masanduku yaliyofungwa. Huanza na sehemu nzima, na zile mbovu huziacha hadi mwisho, ili diski isife mapema ikipigania kovu moja. Kinachohitajika ni diski nyingine isiyopungua ukubwa wa ile mbovu. Yetu ilikuwa ya gigabaiti 500, nasi tukanunua ya nje ya terabaiti moja.

Tukampata fundi kijana karibu na stendi ya matatu ya Thika, na tukampa sharti letu: wawili wetu wakae dukani tangu mwanzo hadi mwisho, na asifungue chochote. Tulidhani atachukia. Alisema, "Sawa, mama zangu. Hata mimi sitaki kulaumiwa na mtu." Akavuta viti viwili. Alilegeza skrubu mbili tu chini ya laptopu, akaichomoa diski, nayo ni ndogo kuliko kiganja, kisha akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Alipoambiwa tumeiwasha mara ishirini alitikisa kichwa, wala hakuongeza neno.

Kazi ilichukua siku mbili, nasi tukapokezana zamu, pamoja na chupa ya chai na mahamri. Jioni ya kwanza duka lilipofungwa tuliondoka na diski zote mbili mkobani. Kesho yake kunakili kuliendelea pale pale kulipoishia, kwa kuwa programu ile huandika kumbukumbu ya ilipofika. Mwishowe kichwa kiligoma kabisa. Karibu yote yalikuwa yamepatikana, isipokuwa maeneo machache.

Nakala tuliifungua nyumbani, milango imefungwa. Picha za harusi zilikuwemo, salama. Faili ya hesabu, ile iliyokuwa ikiandikwa umeme ulipokatika, haikufunguka. Ilipatikana nyingine ya zamani, iliyokuwa imehifadhiwa kwa jina jingine, na ilikuwa imepungukiwa na Jumapili tisa.

Jumapili tisa kwa watu ishirini na wawili si jambo dogo siku za kugawana zikiwa zimekaribia. Wanachama kumi na saba hutuma kwa simu, kwa hiyo taarifa ya M-Pesa ya mweka hazina ilitupa michango yao yote, tarehe na saa. Watano hutoa taslimu. Hao hawakuwa na shahidi ila kumbukumbu zetu, na kumbukumbu, tuligundua, humpendelea mwenyewe. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tuliandika, lakini mahali pamoja.

Mkubwa wetu kwa umri, anayeuza viazi vya karai huko Makongeni, hakusoma shule. Alipoulizwa ametoa mara ngapi, alikwenda uvunguni mwa kitanda akaja na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na kokwa za tende. Kila Jumapili akishatoa mchango wake alitia kokwa moja, tangu mwanzo wa mwaka. Tulizihesabu mbele yake, zikawa 46. Hesabu yetu, pamoja na yale tuliyoyakumbuka, ilikuwa 45. Mweka hazina aliona haya, tena haya kubwa, na Bi Mkubwa akalipwa 46. Siku hizi chama kina daftari la karatasi, na kila mtoaji wa taslimu anatia sahihi au dole gumba. Hesabu za kompyuta zina nakala kwenye flashi inayokaa Ruiru, ili moto au mwizi wa nyumba moja asichukue vyote.

Laptopu yenyewe ilikuwa ndiyo kazi nyepesi. Ilitiwa diski ya SSD, isiyo na sahani wala kichwa kinachoelea, na sasa inafunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Kumbe mzee wetu hakuwa mgonjwa mahali pengine popote. Wengi huzitupa mashine za namna hii kwa kasoro hiyo moja.

Limebaki moja. Katika maeneo ambayo diski haikuweza kusomeka yalikuwemo maneno yaliyorekodiwa ya marehemu mwalimu wetu, mzaliwa wa Lamu, akisoma Utendi wa Mwana Kupona kwa mahadhi ya kwao. Utenzi wenyewe hauna hofu. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, nao ukanakiliwa kwa mkono tena na tena, nyumba kwa nyumba, hata ukachapwa. Sauti ya mwalimu wetu haikunakiliwa na mtu. Tumepata dakika nane za mwanzo, kisha inakatika katikati ya ubeti.

Fundi alisema ziko maabara zenye vyumba visivyo na vumbi, ambamo diski hufunguliwa na kuwekewa kichwa kingine, kwa gharama iliyo mbali na uwezo wetu. Baadhi yetu wanataka diski ile ivunjwe kwa nyundo leo, kwa sababu picha za harusi zingali ndani yake, na kuifuta haiwezekani tena. Wengine wanaomba ingojewe, huenda siku moja uwezo ukapatikana. Tumelizungumza Jumapili tatu bila kuafikiana. Kwa sasa imefungwa ndani ya leso, kabatini kwa mweka hazina, na ufunguo uko kwa Bi Mkubwa.