Uteuzi wa "a" na "an" katika Kiingereza: Sikio au Jicho?

Wanafunzi wengi hufunzwa kuwa katika Kiingereza, kibainishi "an" hutangulia neno linaloanza kwa a, e, i, o au u, nacho "a" hutangulia mengineyo. Kanuni hii hutosheleza "apple" na "book", lakini huporomoka mbele ya "university" na "hour". Mwanafunzi aliyeitii huandika "an university" na "a hour", akakosolewa, kisha akaamini kuwa lugha hiyo haina utaratibu. Utaratibu upo, ila umejengwa juu ya sauti wala si herufi.

Neno "university" huanza kwa kiyeyusho kile kile kianzacho "yai" la Kiswahili, nalo "one" huanza kwa sauti ya "wali". Yote mawili basi huchukua "a". Kinyume chake, h ya "hour", "honest" na "heir" haitamkwi. Sauti ya kwanza ni irabu, hivyo huchukua "an". Ushahidi bora ni "herb": Waingereza hutamka h wakasema "a herb", ilhali Wamarekani wengi huidondosha wakasema "an herb". Tahajia ni moja, vibainishi ni viwili. Vivyo hivyo, husemwa "an MP" kwa kuwa jina la herufi M huanza kwa irabu, lakini "a Member". Isitoshe, kinachozingatiwa ni neno linalofuata papo hapo, si nomino: "a university" lakini "an old university".

Kihistoria, umbo la awali ni lile lenye n, lililomaanisha "moja" katika Kiingereza cha Kale. Baadaye n ilidondoka mbele ya konsonanti. Mpaka wa maneno ulipotatiza wasemaji, "a napron" ikageuka "an apron".

Jambo hili si geni kwa mwanaisimu wa Kiswahili. Kiambishi ki- hudumu katika "kiti" lakini huwa ch- katika "chumba". M- ya "mtu" huwa mw- katika "mwana". Hata hivyo, "kiazi" na "kiongozi" hukaidi, ishara kuwa Kiswahili nacho kina vighairi vyake.

Tofauti kuu imo katika maandishi. Othografia ya Kiswahili huandama matamshi kwa karibu, hivyo msomaji wake huzoea kuiamini herufi. Imani hiyo ndiyo inayomponza akiingia katika Kiingereza. Mwalimu anayetaja "sauti ya irabu" badala ya "herufi ya irabu" humwondolea mwanafunzi kosa hilo kwa neno moja tu.