Jioni ya Rusumo: Namna saa ya simu inavyoweza kumwacha mzazi na mtoto gizani

Simu inaonyesha saa 12 kamili jioni. Mzazi anapiga hesabu: kiangazi hiki jua la Ngara linazama saa 1, kwa hiyo bado ana saa nzima ya kupiga picha maporomoko. Dakika 20 baadaye giza limeingia, mtoto ameng'ang'ania shati lake, na njia ya kurudi barabarani haionekani vizuri.

Simu haijaharibika. Imeshika mtandao wa Rwanda, na saa ya Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja.

Hili ni jambo dogo ambalo familia nyingi za Kanazi, Ngara mjini na Benaco zinalijua kwa laini zao: ukisogelea mpaka, mara unapokea ujumbe wa kukaribishwa nchi jirani hata kama hujavuka. Kwa anayekwenda dukani si tatizo kubwa. Kwa anayetembea na mtoto kandokando ya Mto Kagera jioni, ni jambo la usalama.

Kwa nini simu inabadilika?

Simu janja nyingi zimewekwa zipokee saa kutoka kwenye mtandao zenyewe. Mawimbi ya simu hayajui mpaka. Mnara ulio upande wa pili wa mto ukiwa na nguvu kuliko wa huku, simu inaweza kuhamia huko na kuchukua saa ya huko. Burundi nayo inatumia saa sawa na Rwanda, kwa hiyo hata Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi, saa inaweza kurudi nyuma vilevile.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kutoka nyumbani, mzazi aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya tarehe na saa, azime ile ya kujirekebisha yenyewe, kisha achague saa ya Dar es Salaam au Nairobi. Azime pia data ya romingi, maana bando la nyumbani linaweza lisifanye kazi kwenye mtandao wa nje na salio likakatwa. Saa ya mkononi nayo inasaidia, kwa sababu haisikilizi mnara wowote.

Giza la Ngara halina subira

Ngara iko magharibi kabisa mwa nchi, ndiyo maana jua lake huchelewa kuzama. Mwezi Julai, jua la Dar es Salaam huzama kama saa 12:20 jioni, wakati Ngara ni karibu saa 1. Mgeni anaweza kudhani jioni ya huku ni ndefu.

Lakini likishazama, mambo ni ya haraka. Karibu na ikweta jua hushuka wima, halipiti kwa mshazari. Kule London mwezi Juni, mwanga hubaki zaidi ya dakika 40 baada ya jua kuzama. Ngara ni dakika 20 na kidogo tu, kisha mtu haoni tena anapokanyaga. Na Rusumo iko bondeni, hivyo kivuli cha vilima hutangulia.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mto Kagera una viboko na mamba katika baadhi ya sehemu zake, na kiboko hutoka majini kwenda kula majani giza likiingia.

Mfano mmoja

Chukua baba aliyetoka Kanazi na binti yake wa miaka tisa. Saa ya simu inasema 11:40.

"Baba, mbona tunaondoka? Bado mapema."

"Hiyo ni saa ya ng'ambo, mama. Huku kwetu ni 12:40. Piga moja ya mwisho twende."

Baba huyu amepanga vizuri. Amefika saa 11 ya Tanzania, akatumia jua kutafuta sehemu nzuri ya kusimama, na amebakiza dakika 20 za jua kwa ajili ya kurudi.

Picha nzuri ni ya saa 12

Uzuri ni kwamba mwanga bora wa kupiga maporomoko unakuja kabla ya giza. Mchana jua ni kali, povu linatoka jeupe lisilo na sura. Kuanzia saa 12 mwanga unapungua, na kamera inaweza kuachwa wazi muda mrefu kidogo.

Hapo ndipo siri ya yale maji yanayoonekana laini kama pamba ilipo. Kamera ikiwa wazi kwa nusu sekunde, kila tone linasogea na kuacha mstari, na mistari ikichanganyika maji yanaonekana kama maziwa. Simu yenye sehemu ya kurekebisha kwa mkono inaruhusu kuchagua muda huo. Simu ikae juu ya jiwe kavu au begi, iwekewe taima ya sekunde tatu ili kidole kisiitikise, na kioo cha kamera kifutwe kila mara kwa sababu ya manyunyu. Flashi izimwe, haifiki popote.

Mtoto naye awe kwenye picha. Maporomoko haya yana urefu wa kama mita 15, lakini bila mtu karibu jicho halipati kipimo. Asimame mahali pakavu, mbali na ukingo, na awepo mtu mzima wa kumshika mkono. Anayepiga picha asiwe ndiye mlinzi pekee, kwa sababu macho yake yako kwenye kioo.

Omba ruhusa kwanza

Rusumo ni mpaka. Kuna daraja, kituo cha forodha, na mradi wa umeme wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Sehemu ya maji hupitishwa kwenye mitambo, hivyo wingi wa maji yanayoanguka unaweza kubadilika. Kabla ya kutoa simu, mzazi awaulize maofisa wapi panaruhusiwa kusimama na nini kisipigwe.

Wakisubiri mwanga, kuna mengi ya kumsimulia mtoto. Maji hayo ya udongo yametoka milima ya Rwanda na Burundi: mito Nyabarongo na Ruvubu hukutana juu kidogo ya hapo, kisha Kagera inaendelea hadi Ziwa Victoria. Na mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wengi wakapokelewa Benaco. Baadhi yao walikuwa watoto wa umri wake.

Saa 12:40 ya Tanzania ikifika, simu irudi mfukoni na safari ya kurudi ianze, hata kama picha ya mwisho haijatoka vizuri. Tochi iwe na chaji, na mtoto atembee upande usio wa mto.