Jumba la kale laweza kuwa ofisi, lakini si kwa saruji

WAPITAO Barabara ya Mizingani, mkabala na bandari ya Zanzibar, hulikuta jumba lenye roshani za mbao zilizonakshiwa na vioo vya rangi. Hiyo ndiyo Zahanati ya Zamani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri wa Kihindi, Tharia Topan.

Jengo lilikamilika mwaka 1894, Topan akiwa amekwisha kufariki. Baadaye likatumika kama zahanati, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likachakaa kwa kukosa matunzo. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilikarabati, likapata kazi mpya ya kuwa kituo cha utamaduni chenye maduka na ofisi.

Ukarabati wa namna hiyo hufaulu pale ofisi inapoifuata nyumba. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, hivyo maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka nje na kukauka. Fundi akipiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hula mawe, na boriti huoza pale zinapoingia ukutani.

Boriti hizo za mikoko ndizo zinazoamua pia upana wa vyumba, kwani ni fupi. Anayevunja ukuta wa kati ili apate ukumbi wa kompyuta huondoa mhimili wa sakafu ya juu. Ni heri makabati ya majalada na matangi ya maji yakae chini, nyaya zipite juu ya lipu bila kuuchimba ukuta, na maji ya viyoyozi yaelekezwe mferejini.

Kinachohofiwa si uzuri kupotea tu. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha.

Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kibali cha ujenzi hutakiwa kabla nyundo haijainuliwa. Mwenye nyumba anayetaka kupangisha ofisi na aanze na paa na mifereji. Rangi na samani zitafuata.