Kipya Kinyemi: Mwanao Anapolilia Mashine Mpya ya Gemu

Alasiri moja ya Aprili 2025 nilikuwa uani nikipepeta mchele, mara nikasikia kelele kubwa sebuleni. Nilidhani kuna mtoto aliyeanguka. Nikaingia mbio na ungo mkononi. Kumbe ni mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 14, pamoja na wenzake wawili wa nyumba ya jirani. Walikuwa wameinamia simu ya baba yake huku wakirukaruka na kushikana mabega.

"Mama, imetoka! Njoo uone!"

Walikuwa wakitazama kampuni ya Nintendo ya Japani ikitangaza Nintendo Switch 2, mashine yake mpya ya gemu. Ni mashine ya kushika mikononi, na ukitaka unaiunganisha na televisheni. Kwao ilikuwa kama sikukuu.

Baada ya muda mfupi bei ikajulikana, nayo ilikuwa dola 449.99 za Marekani. Wavulana wale wakanyamaza kimya. Mimi nikapiga hesabu kichwani. Ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja za Tanzania, bado usafirishaji na kodi. Katika nyumba yangu hiyo ni ada, ni bati za chumba cha uani, ni dawa za bibi yao. Nikasema kwa ukali, "Upuuzi mtupu! Watu wazima wanatengeneza midoli ya bei ya ng'ombe, na nyinyi mnashangilia!"

Mwanangu hakujibu. Alirudisha simu mezani, akaondoka. Kwa siku nne alinijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama" tu.

Mama msomaji, huenda wewe pia umepitia hali hiyo. Sisi tunaona fedha, watoto wanaona furaha. Maneno yakitoka vibaya tunapoteza kitu kikubwa kuliko fedha: mtoto haji tena kukuonyesha kinachomfurahisha. Siku ya tano nilimwita, nikamwambia, "Mwanangu, nilikataa kitu nisichokijua. Nifundishe." Haya ninayowaandikia ni yale tuliyojifunza pamoja, yeye kwa simu na mimi kwa maswali.

Siku ya kwanza husema uongo

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kelele za siku ya kwanza, ziwe za shangwe au za kejeli, mara nyingi hazikutabiri yatakayotokea.

Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy. Mmoja wa waliobuni mashine hiyo ni Gunpei Yokoi, aliyeanza kazi katika kampuni hiyo kama fundi wa kutunza mitambo ya kiwanda. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumwona abiria kwenye treni akibonyezabonyeza kikokotoo ili kupoteza muda, na hapo ndipo alipopata wazo la mchezo wa kuingia mfukoni. Yokoi aliamini kwamba si lazima kutumia vitu vya kisasa kabisa. Alichukua vitu vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akavipa kazi mpya.

Kwa hiyo Game Boy haikuwa na rangi. Kioo chake kilikuwa cha kijani kilichofifia, wala hakikuwa na taa. Washindani wake, Lynx ya kampuni ya Atari na Game Gear ya kampuni ya Sega, zilikuwa na rangi na mwanga. Aliyeziweka mezani pamoja angeicheka Game Boy. Lakini Game Gear ilikula betri sita kwa saa tatu hadi tano tu, wakati Game Boy ilitumia betri nne kwa saa kumi na zaidi. Aidha, Game Boy ilikuwa rahisi zaidi, na imara mikononi mwa watoto. Game Boy, pamoja na ile ya rangi iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia karibu milioni 10.

Wewe unayenunua betri za redio hapo nyumbani ungeuliza swali moja tu dukani: inakula betri ngapi? Swali hilo lingekupa jibu sahihi kuliko macho ya mashabiki.

Los Angeles, Mei 2004

Kisa ambacho mwanangu alikisimulia kwa hamu zaidi ni cha mwaka 2004. Wakati huo kulikuwa na maonyesho makubwa ya gemu yaliyofanyika kila mwaka nchini Marekani, yakiitwa E3. Mei mwaka huo, mjini Los Angeles, kampuni mbili zilifunua mashine za mkononi kwa wakati mmoja.

Sony ilileta PSP, nyeusi inayong'aa, yenye kioo kipana, inayocheza gemu, muziki na filamu. Wachezaji waliipenda mara moja. Ilikuwa kama kubeba sinema mfukoni. Nintendo ilileta DS, iliyofunguka kama kitabu, yenye vioo viwili, kimoja juu na kimoja chini. Cha chini kiliguswa kwa kalamu ndogo ya plastiki. Wengi walikuna vichwa. Vioo viwili vya nini? Hata Nintendo yenyewe ilisema DS haiji kuchukua nafasi ya Game Boy, bali itakaa kando yake.

DS ilianza kuuzwa Marekani Novemba 2004 kwa dola 149.99. PSP ilifika huko Machi 2005 kwa dola 249.99. Kisha mwaka 2005 zikaja gemu mbili ambazo mashabiki wa maonyesho hawakuwa wameziwazia. Moja ilikuwa ya kulea mtoto wa mbwa: unampapasa kwa kalamu, unamwita jina lake, naye anakusikia. Nyingine ilikuwa ya mazoezi ya akili, hesabu ndogondogo na kusoma kwa sauti, iliyotokana na kazi ya Profesa Ryuta Kawashima wa Japani. Akina mama, akina baba na wazee waliokuwa hawajawahi kushika gemu wakaanza kununua. DS iliuzwa zaidi ya milioni 154. PSP nayo haikuaibika, kwani ilifika takriban milioni 80. Lakini ile iliyowafanya watu wakune vichwa ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi zaidi.

Shangwe nazo hupoa

Kinyume chake pia kimetokea. Juni 2010, kwenye maonyesho hayohayo, Nintendo ilionyesha 3DS, mashine ambayo picha zake zilionekana kama zina kina, bila mtu kuvaa miwani. Watu walipanga foleni ndefu ili waone kwa macho yao. Ilipotoka Marekani Machi 2011, kwa dola 249.99, wanunuzi hawakuja kama ilivyotarajiwa. Kabla miezi mitano haijaisha, Agosti 2011, bei ilishushwa hadi dola 169.99. Aliyekuwa rais wa kampuni, Satoru Iwata, alikatwa nusu ya mshahara wake. Waliokuwa wamenunua kwa bei ya juu walipewa gemu 20 za zamani bure kama pole. Baadaye mashine hiyo iliuzwa vizuri, ikafika karibu milioni 76.

Hebu fikiri, mama. Tofauti ni dola 80 kwa kusubiri miezi mitano tu!

Kisha mwaka 2013 ikaja 2DS. Kampuni ilikuwa imeshauri kwamba watoto wenye umri wa miaka sita kushuka chini wasitazame zile picha zenye kina, kwa ajili ya macho yao yanayokua. Basi 2DS haikuwa na picha hizo, haikukunjika, na bei yake ilikuwa dola 129.99. Wachezaji wakubwa waliicheka kwa umbo lake, wakasema inafanana na kabari ya kuzuia mlango. Lakini mzazi mwenye mtoto mdogo alipata chombo kisicho na bawaba ya kuvunjika, kisichohatarisha macho, na cha bei nafuu. Waliocheka hawakuwa wametengenezewa wao.

Bei ya chombo si gharama yote

Juni 2011 Sony ilitangaza kwamba mashine yake mpya, PlayStation Vita, itauzwa dola 249. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Lakini ilihitaji kadi ya kuhifadhia ya aina yake pekee, na kadi kubwa kuliko zote iliuzwa Marekani kwa karibu dola 100. Aliyeshangilia bei ya chombo alilia alipofika kwenye kadi. Ni sawa na kununua jiko la gesi kwa furaha, halafu ndipo uulize bei ya mtungi.

Tulifanya hesabu hiyo kwa Switch 2. Gemu yake kubwa ya kwanza, Mario Kart World, ilitangazwa kwa dola 79.99. Ukitaka kuongeza nafasi, kadi za kawaida za simu hazitoshi, inataka aina mpya ya kadi. Gemu nyingi za kucheza na wenzako kwa njia ya intaneti zinahitaji malipo ya mwezi au ya mwaka. Mwanangu aliandika yote kwenye daftari, akajumlisha, akaangalia jumla kwa muda mrefu. Sikumwambia neno.

Hata wenye fedha walilalamika. Siku iliyofuata tangazo lile, Nintendo ilipokuwa ikionyesha gemu zake moja kwa moja kwenye intaneti, watazamaji walijaza ujumbe mmoja mfululizo: shusheni bei! Lakini Juni 5, 2025 mashine ilipotoka, ziliuzwa zaidi ya milioni tatu na nusu kwa siku nne tu. Basi usiamini shangwe, na wala usiamini sana hasira. Anayelalamika leo, kesho anaweza kuwa wa kwanza kwenye foleni.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tufanye nini basi?

Kutokana na yaliyotukuta nyumbani, nawashauri akina mama wenzangu haya:

*Msikilize kwanza.* Mwache akueleze kinachomvutia, kisha ndipo uzungumzie fedha. Kukataa si vibaya. Kinachoumiza ni kudharau.

*Subirini pamoja.* Kubalianeni muda, miezi sita kwa mfano. Katika muda huo kasoro hujulikana, bei zaweza kushuka, na zilizotumika huanza kuuzwa. Hamu ya mtoto nayo hupimwa.

*Aandike gharama yote.* Chombo, gemu mbili, kadi, intaneti, umeme. Daftari humfundisha mtoto kuliko hotuba ya mama.

*Angalieni umri.* Gemu zinazouzwa Ulaya huwekwa namba kwenye jalada, 3, 7, 12, 16 au 18, kuonyesha umri unaofaa. Usimnunulie mtoto wa miaka tisa gemu yenye namba 18 kwa sababu tu mwenzake anayo.

*Wekeni masharti kabla ya kununua.* Switch na Switch 2 zina programu ya mzazi ya kuweka kwenye simu. Unapanga muda wa kucheza kwa siku, na unaona mtoto amecheza nini. Zungumza na baba yao mapema, ili mtoto asikatazwe na mmoja na kuruhusiwa na mwingine.

*Mtazame akishaipata.* Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba kuna ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ingawa anaona madhara. Mtoto anayecheza kwa furaha siku ya Jumamosi hana ugonjwa huo. Lakini anayeacha kula, kulala na kusoma anahitaji msaada, si fimbo.

Ilivyokuwa kwetu

Baba yake na mimi tulimwambia mwanangu tungelizungumza tena jambo hilo Desemba. Alikuwa na kuku sita, akaanza kuweka fedha za mayai kwenye kopo. Juni mashine ilipotoka alitazama picha za watu waliokesha kwenye foleni, akahuzunika kidogo. Septemba hakuitaja sana.

Desemba ilipofika alikuja mwenyewe na daftari lake. "Mama, nimefikiri. Ile mpya iache. Switch ya zamani iliyotumika inatosha, na gemu zake ni rahisi kupata." Mashine hiyo ya zamani, ya mwaka 2017, nayo ina kisa chake. Ilipofunuliwa Oktoba 2016 hisa za kampuni zilishuka. Baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 150. Alitoa fedha zake za mayai, nasi tukamwongezea kidogo. Ada haikuguswa.

Sasa inachezwa Jumamosi, baada ya kufua na kufagia banda la kuku. Wale wenzake wawili huja, na mdogo wake wa kike huwashinda wote. Juzi walinilazimisha nikae nami nicheze mbio za magari. Nilikuwa wa mwisho, gari langu likaingia majini mara tatu, wakacheka hadi machozi.

Nimewaambia nitafanya mazoezi.