MAJI YA BASINI YAKIPITA UKUTA

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati bukari iko motoni, leo hatutasema habari ya kofia wala mabote. Tutasema habari ya maji yanayotoka kiwandani na kuingia katika lupango.

Tarehe 4 mwezi wa 11, mwaka 2025, hapa Lubumbashi, maji yenye asidi yalitoka katika basini ya mabaki ya kampuni Congo Dongfang Mining, ile tunayoiita CDM, ya kikundi cha Huayou Cobalt cha China. Yalifika katika njia na malupango ya watu, upande wa Kasapa na Kamatete. Siku chache baadaye Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi ya kampuni hiyo kwa miezi 3. Alisema basini haikuwa na kizuizi cha kutosha cha kushika maji, na kampuni haikuwa na mpango wa kutumia siku ya hatari. Akaagiza itengeneze basini, isafishe mahali palipochafuka na ilipe watu walioharibiwa.

Tangu siku zile maswali hayakuisha katika dispanseri. Kisima changu ni kizuri? Matembele ya bustani tutakula? Na wengine, wakiisha kufunga mlango, wanauliza kwa sauti ya chini: munganga, na kampuni yetu ikifungwa, masomo ya watoto atalipa nani? Maswali haya yote ni ya haki. Tuyachukue moja kwa moja, lakini kwanza lazima kujua maji haya yanatoka wapi.

Wazee wetu walizoea moto. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na uchafu wake ulionekana kwa macho: moshi juu ya kimney, kifusi cheusi chini. Leo viwanda vingi havichomi jiwe. Wanalisaga kama unga, wanalitia katika matanki pamoja na asidi ya sulfuriki, na asidi inakamata shaba na kobalti na kuvitoa ndani ya jiwe. Kisha umeme unashika shaba kwenye sahani. Kazi hii haina moshi mwingi, na watu wanadhani haina uchafu. Lakini matope na maji yanayobaki yana asidi, na yana madini mengine ambayo hakuna aliyeyahitaji: manganezi, mara nyingine risasi, kadmi, arseniki, urani. Hayo ndiyo yanatupwa katika basini.

Basini nzuri imetandikwa bashi nene ya plastiki chini, ili maji yasinywewe na udongo na kwenda kwenye visima. Ukuta wake umeshindiliwa vizuri. Chokaa inatiwa ili kuua asidi. Na juu inaachwa nafasi tupu kwa ajili ya mvula. Nafasi hiyo tupu ndiyo wakubwa wengi wanaionea huruma, kwa sababu inaonekana kama mahali pasipo kazi. Tufanye hesabu kidogo. Lubumbashi inapata karibu milimeta 1,200 za mvula kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4. Juu ya hektari 1 tu, hizo ni lita milioni 12. Basini ya hektari 10 inapokea lita milioni 120 kutoka mbinguni, bila kuhesabu yale yanayotoka kiwandani. Kwa hiyo mtu akisema kosa ni la mvula, mwulize vizuri. Mvula ya Lubumbashi haiji kama mwizi. Kila mwaka inakuja katika miezi ileile, na hata mtoto wa masomo anaijua.

Tusicheke jirani. Sisi pia tuna basini.

Jambo hili si la mji wetu peke yake. Tarehe 18 mwezi wa 2, mwaka 2025, kule Chambishi, ngʼambo ya mpaka, ukuta wa basini ya Sino-Metals Leach Zambia ulivunjika. Serikali ya Zambia ilitaja lita milioni 50 za maji ya asidi. Yaliingia katika mto Kafue, samaki wakaonekana wamekufa mpaka kilometa 100 chini ya mto, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya robine. Ndege na mashua zikatumwa kumwaga chokaa mtoni. Fikiri bei ya chokaa ile yote, na bei ya chokaa kidogo iliyopaswa kutiwa katika basini kila siku.

MADINI HAYAFI KWA MOTO

Sasa kisima chako. Asidi inapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Maji safi yako karibu na 7, maji ya ndimu karibu na 2, na kila hatua moja ya kushuka ni ukali mara 10. Maji ya pH 4 ni makali mara 1,000 kuliko ya 7. Ubaya ni kwamba macho hayaoni pH. Maji mekundu ao ya kijani watu wanayaogopa, na wana haki. Lakini maji meupe kama ya robine yanaweza kuwa na asidi na kobalti vilevile. Kama maji ya basini yalipita karibu na kisima chako, usikinywe mpaka wapimaji wapime, hata kama maji yamerudi kuwa mazuri kwa macho.

Mama wengi wanatuambia: lakini mimi nayachemsha. Kuchemsha ni vizuri, kunaua vidudu vya kuhara na kipindupindu, na usiache kuchemsha. Lakini madini hayafi kwa moto. Maji yanapungua katika sufuria, madini yanabaki yote, na kikombe kinakuwa kizito kuliko mwanzo. Kwa siku hizo tafuta maji ya Regideso ao ya foraje iliyo mbali, upande wa juu ambako maji machafu hayakupita, hata kama ni kubeba bido kichwani kwa muda mrefu.

Mboga ni vilevile. Kuosha kunatoa vumbi na matope juu ya jani, hakutoi kile mzizi ulichokunywa. Sombe, lengalenga na matembele zilizosimama ndani ya maji yale zisiingie jikoni. Najua ni uchungu kungʼoa bustani uliyoitilia mbolea kwa mikono yako. Kabla ya kungʼoa, iandike: ukubwa wa shamba, mboga gani, na uite jirani aone. Nitasema sababu yake hapo chini. Samaki aliyekutwa akielea, hapana, hata kama ni mkubwa namna gani.

Kama maji ya asidi yamegusa ngozi, vua nguo na kumwagia maji safi mengi, dakika 20, bila haraka. Usipake mafuta, usipake dawa ya meno, wala usitie chokaa juu ya ngozi eti chokaa inaua asidi. Inaua asidi katika basini; juu ya ngozi inaleta kidonda cha pili. Jicho ni hivyohivyo: maji, dakika 20, kope zikifunguliwa kwa vidole, kisha dispanseri upesi. Mtoto akimeza, msimtapishe, maana asidi itaunguza koo mara ya pili wakati wa kupanda. Sukutueni kinywa chake, mlete. Maziwa na mafuta ya ngazi ni chakula kizuri, lakini hayatoi sumu, na mtu aliyeyanywa huwa anachelewa kuja.

Hayo ni maumivu ya siku moja. Mengine hayapigi kelele. Kobalti ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaleta pumu, inawasha ngozi, na ikizidi sana inaumiza moyo. Manganezi inaharibu mishipa ya fahamu. Risasi inapunguza akili ya mtoto. Wanganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga. Mwaka 2009 waliandika kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko ilivyokuwa imeandikwa mahali pengine popote kwa watu wa kawaida. Na watoto walipita wakubwa, kwa sababu mtoto anacheza chini na mkono wake unakwenda kinywani.

Mwaka 2020 wanganga haohao walitoa habari nyingine ambayo kila baba anayetumika mgodini anapaswa kuisikia. Waliangalia watoto waliozaliwa na vilema hapa Lubumbashi, wakalinganisha na watoto wazima. Watoto ambao baba zao walifanya kazi ya migodi walikuwa na hatari zaidi ya mara 5. Hawakuweza kusema ni madini gani yanayofanya hivyo. Lakini hatuhitaji kungoja jina lake ili tuache kubeba vumbi nyumbani. Kombinezo na mabote vibaki kazini. Oga dushi kabla ya kupanda gari. Na kama nguo ya kazi lazima ifuliwe nyumbani, ifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto, wala bibi mwenye mimba asiipige-pige kutoa vumbi. Kuna wanaume wanaorudi kartye na kombinezo ili watu waone kwamba wako na kazi. Watu watajua tu, siku ya kulipwa.

KARATASI YA LETA

Zamani kampuni ilichimba na hakuna aliyeuliza maji yanakwenda wapi. Leo sheria ziko. Kodi ya Madini ya mwaka 2002 ilidai masomo ya mazingira kabla ya kazi kuanza, pamoja na kuuliza watu wanaokaa karibu. Sheria ya mazingira ilitoka mwaka 2011. Na Kodi ya Madini ilipobadilishwa, tarehe 9 mwezi wa 3, mwaka 2018, iliongezwa artikele 285 bis: kampuni ya madini inalipa uharibifu iliouleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakuna kosa lililoonekana. Yaani si kazi yako kuonyesha nani alilala. Kazi yako ni kuonyesha kwamba uliharibiwa. Ndiyo maana nilisema andika bustani. Andika siku, saa, maji yalifika wapi, piga picha, chukua majina ya mashahidi, peleka kwa shefu wa kartye na ubaki na kopi. Karatasi ya dispanseri uitunze kama unavyotunza karatasi ya lupango.

Kwa mawazo yangu, upungufu wetu si wa sheria. Shaba imekimbia kuliko wapimaji. Katika miaka yake mizuri Gécamines haikufika tani 500,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 Kongo ilitoa karibu tani milioni 3. Maabara na ma-inspekta hawakuongezeka hivyo. Nchi nyingine zilizokimbia zilipita njia hii. Japani, mkoa wa Toyama, mgodi wa Kamioka uliachia kadmi katika mto Jinzu, maji yakanywesha mashamba ya mpunga. Wamama wakaanza kuvunjika mifupa, hata kwa kukohoa tu. Ugonjwa wakauita itai-itai, maana yake “inauma, inauma”. Serikali ilikubali mwaka 1968 kwamba sababu ni mgodi, na wagonjwa wakashinda katika mahakama mwaka 1972. Kusafisha udongo wa mashamba kuliisha mwaka 2012. Lakini wanavijiji walipata pia haki ya kuingia mgodini kila mwaka pamoja na wataalamu wao kukagua, na kampuni ndiyo inalipa gharama. Mgodi haukufungwa kwa sababu ya kukaguliwa.

Hapo ninajibu wale wa sauti ya chini. Kampuni haisimamishwi kwa sababu mfanya kazi alisema ukuta una ufa. Inasimamishwa wakati ufa umekuwa mto, na siku hizo za kusimama zinamgusa mfanya kazi kwanza. Kwa hiyo wewe wa pompe, wewe mlinzi wa usiku, wewe wa greda: ukiona unyevu mpya chini ya ukuta wa basini, majani yanayokauka sehemu moja tu, bashi iliyopasuka, ao maji yaliyopita alama ya juu, waambie shefu wako na delege wa sindika siku ileile, na iandikwe katika kitabu cha zamu pamoja na saa. Ukiandika kwa mkono wako, soma tena kabla ya kuondoka, kisha mwonyeshe yule anayekupokea zamu mahali penyewe, kwa miguu, si kwa kidole kutoka mbali.

Kwa familia: wapimaji wakija kupima visima, waonyeshe na kile kidogo kilicho nyuma ya jiko. Mtoto anayekohoa kila usiku tangu mvula zianze, ao mwenye upele usiopona, mleteni dispanseri asubuhi, na mtaje mahali anapocheza.