Mbegu moja, miche mitatu: bitiruti kwenye bustani ya Mtwara

Mimina mbegu za bitiruti kiganjani uzitazame vizuri. Ni vipunje vya kahawia, vikavu, vimekunjamana kama vipande vya gome. Unafukia kipunje kimoja, na baada ya siku kumi hivi unakuta miche mitatu imebanana pale pale. Hujakosea kuhesabu.

Tunachokiita mbegu ni fungu la matunda madogo yaliyoshikana, kila moja na mbegu yake ndani. Wakulima wa bitiruti za sukari walihangaika na jambo hili hadi mwaka 1948, mtafiti V. F. Savitsky alipopata huko Oregon, Marekani, mimea michache inayozaa mbegu mojamoja. Mbegu nyingi za bustanini bado ni za mafungu. Kwa hiyo punguza miche, ibaki mmoja kila sentimita 8 hadi 10. Usiing'oe, maana mizizi imesukana. Ikate kwa mkasi. Ukiona huruma ukaiacha yote, utavuna majani tu.

Lile gome nalo lina kemikali zinazochelewesha kuota. Dawa yake rahisi: loweka mbegu usiku mmoja, mwaga maji hayo, suuza, ndipo upande kwa kina cha sentimita 2.

Sasa tuje kwenye maji ya visima vyetu. Huku pwani, visima vingine vina maji ya chumvichumvi, na mboga nyingi hazielewani nayo. Bitiruti inajitahidi, kwa sababu asili yake ni mmea wa porini unaoota kando ya bahari huko Ulaya na Mediterania. Lakini uvumilivu huo ni wa mmea uliokwishakua. Mbegu inayoota haina nguvu hiyo: chumvi kwenye udongo huyashikilia maji, mbegu ikashindwa kuyavuta. Basi anza na maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua au ya bomba, mpaka mche uwe na majani manne au matano. Baada ya hapo unaweza kuchanganya na ya kisima, kidogo kidogo.

Wakati mzuri wa kupanda ni Mei au Juni, mvua zikiisha na joto likipungua. Joto kali huleta miviringo myeupe ndani ya kiazi. Mchanga wetu haushiki maji wala rutuba, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri.

Usisubiri kujivunia mbegu, lakini. Bitiruti huhitaji wiki kadhaa za baridi kali ndipo itoe maua, na baridi hiyo Mtwara haipo. Kila msimu utanunua pakiti mpya, ndiyo maana kila punje ina thamani.

Na majani usitupe! Ile "spinachi" yenye bua nene jeupe tunayonunua sokoni ni spishi moja na bitiruti. Majani machanga unayapika vilevile, kwa nazi ukipenda.